Bibi Yangu wa Merrylands

Jumanne, 3 Juni

Mdomo wangu umeniponza. Papa Mushagalusa, baba yake Déborah, amekubali kula nami Jumamosi, ndipo aamue kama atawapokea washenga wangu. Nilidhani atachagua hoteli. Ametaka ule mgahawa wa Kivietinamu hapa Merrylands, kwa sababu mimi mwenyewe nilijitapa kanisani kwamba mwenye mgahawa ananihesabu mwanawe. Mtu hujulikana kwa majirani zake, kasema mzee. Kweli kabisa. Ila mwenye mgahawa, Mama Hanh, hajui hata jina langu. Nimekula pale mara nne, mbili nikiwa na barakoa. Siku nne zimebaki!

Jumatano, 4 Juni

Dawa imepatikana. YouTube inasema kwa Kivietinamu bibi ni "bà". Karibu sawa na kwetu! Kwa malezi yangu ya Moshi, mwanamke ukimwita bibi umempa heshima yote, atakupa na ufunguo wa stoo. Mchana nikaingia, nikainama, nikatamka "bà" mara tatu, kwa sauti, wateja wote wasikie. Mama Hanh akanitazama muda mrefu. Supu yangu ya pho ikaja na tambi tupu, nyama hamna. Nadhani aliguswa mno, akasahau.

Ijumaa, 6 Juni

Erasmus, ninayekaa naye nyumba moja, anasema nimeharibu. Yeye anapakua makontena bandarini Port Botany pamoja na Wavietinamu, eti anajua. Anadai "bà" ni ajuza, na mama yule hajafika hata hamsini. Nimwite "chị", dada mkubwa. Wivu huo! Si ndiye aliyemsindikiza Déborah kituoni siku ya Pasaka, kisa mvua? Leo tumekwenda pamoja. Yeye kasema "chị" moja tu, kapata bakuli la nyama hadi ukingoni, na tabasamu juu yake. Mimi nikasema "bà" na safari hii nikapiga magoti. Nimeletewa bili kabla ya chakula. Naanza kuogopa.

Jumamosi, 7 Juni

Déborah alicheleweshwa na zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, nikabaki peke yangu na wazazi wake. Mama Hanh akatuweka meza ya karibu na choo. Papa Mushagalusa akauliza, taratibu, mbona huyo mama yangu hanisalimii. Jasho! Nikaeleza kwamba ni mambo ya heshima tu, mimi humwita bibi. Mzee akakunja uso. Nikaona afadhali nitoe mfano wa karibu. Nikamgeukia mkewe, Mama Léocadie, nikasema tangu siku ya kwanza nilipomwona moyo wangu ulimkubali kuwa bibi yangu, na niko tayari kumwita hivyo mbele ya kanisa zima.

Vijiti vya kulia vikatua mezani. Mama Léocadie akajifunika uso kwa kitenge.

"Bibi yako?" Papa akasema. "Huyu ni bibi yangu, miaka makumi mbili na saba sasa."

Nikamwambia hakuna neno, anaweza kuwa bibi yetu sote.

Akasimama. Déborah akatukuta mlangoni, akaelezwa, akanivuta pembeni kuniambia kwamba kwao Bukavu bibi ni mke. Sasa ndiyo naambiwa! Alikuwa akijiuma midomo. Sijui alizuia kilio au kicheko. Nampenda mno binti huyu. Nikimkosa, sijui nitaishije.

Jumatatu, 9 Juni

Nimesamehewa! Yaani, nusu. Mama Léocadie kanitetea. Inasemekana alicheka njia nzima hadi nyumbani. Washenga waende Jumamosi ijayo nyumbani kwao, nami niwepo, ila kuna sharti.

"Papa anasema uje, ukae, ule," Déborah kaniambia, "lakini usiseme hata neno moja. Ukisema, posa imekwisha."

Nimeapa. Sharti jepesi. Tena mzee kasema nisiseme, hakusema nisiimbe. Nimepata mtandaoni wimbo wa Mashi, lugha yao ya nyumbani. Maana yake sijaijua bado, lakini kwenye video waimbaji wamevaa nadhifu, wamezunguka sanduku refu lililopambwa maua, na wote wanalia kwa furaha. Nimeshakariri beti tatu.