Kasha Dogo, Feni Mbili na Shemeji Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kompyuta imezima tena. Mara ya nne leo. Nilikuwa asilimia sitini ya video ya baba mkwe, kioo kikawa cheusi tititi.

Nieleze vizuri kwa faida ya vizazi vijavyo, maana watasoma. Jumamosi baba mkwe anaagwa, anastaafu ualimu baada ya miaka thelathini na minane. Video ya kumuaga natengeneza mimi. Ndani yake kuna dakika tatu za marehemu mama mkwe akizungumza, tulizozihamisha kutoka kwenye mkanda wa zamani kabla mkanda wenyewe haujakatika. Sauti yake haipo mahali pengine popote. Kazi nyeti, ndiyo maana alipewa mtu makini.

Tatizo ni joto. Kasha la kompyuta yangu ni dogo, halifiki debe. Nililichagua mwenyewe, makasha makubwa ni ya watu wasiojua wanachotaka. Lina feni mbili, ya mbele na ya nyuma, na zote nilizifunga zipulize ndani. Upepo mara mbili, ubaridi mara mbili. Hesabu ya darasa la pili.

Mke wangu anasimamia matanuri kwenye kiwanda cha mikate. Alipita, akauliza hewa ya moto inatokea wapi. Nikamwambia kompyuta si mkate. Akasema ni kweli, mkate angalau huiva.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Amekuja shemeji, kaka wa mke wangu. Fundi majokofu. Mtaani wanamwita Barafu, naye huitika kana kwamba ni cheo.

Hakuwa na kipimo, hakuuliza swali. Aliweka tu kiganja nyuma ya kasha, kama mtu anayempima mtoto homa. Akasema, "Shemeji, hii feni ya nyuma igeuze itoe hewa nje. Joto limekosa mlango." Eti dakika mbili na bisibisi moja.

Nilitabasamu kwa adabu. Mtu aliyezoea kupoza samaki na soda anifundishe kompyuta! Akaondoka na chai yangu tumboni.

Baada ya hapo nikafanya jambo la kitaalamu. Nimeongeza feni ya tatu, juu, nayo inapuliza ndani. Palihitajika tundu. Drili iliteleza mara mbili, kwa hiyo tundu limekuwa na umbo la mdomo wa mtu aliyepewa habari mbaya. Vipande vya chuma vilidondoka ndani. Nililitikisa kasha mpaka vikatoka. Vingi vyake.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nyuzi joto tisini na tisa. Jana zilikuwa tisini na nne. Ajabu kidogo.

Nimegundua kasoro: upepo hautoshi. Nimechukua feni kubwa ya chumbani, ile ya kusimama, nikaiunganisha na kasha kwa bomba la kadibodi nililolikunja kwa mikono yangu. Nikawasha namba tatu. Vumbi lote la sebuleni, pamoja na lile la chini ya kochi ambalo mimi binafsi sikujua lipo, likapata makazi mapya.

Imezima asilimia sabini na moja. Juzi sitini, leo sabini na moja. Wenye akili huita maendeleo.

Mke wangu amelala bila feni mchana, baada ya zamu ya alfajiri. Alipoamka aliniuliza kama nimegeuza ile ya nyuma. Nikajua wameshaongea. Ndugu hawa ni chanda na pete, hasa wakiwa wamekosea.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeiweka kwenye jokofu.

Wazo safi kabisa, tena la kumkomoa Barafu kwa silaha zake mwenyewe. Nilitoa rafu, mboga na maziwa. Nikaingiza kasha, nikapitisha nyaya mlangoni, nikaziba pengo kwa gundi ya utepe. Kwa dakika ishirini joto lilisoma nyuzi arobaini na nane. Nikapiga picha, nikamtumia Barafu bila maneno. Picha ilijieleza.

Kisha nikafungua mlango kutazama. Hewa ya jikoni ilikutana na chuma cha baridi, na kasha zima likaloa kama kioo cha bafuni. Likalia tiki. Likafa.

Mke wangu alirudi akakuta maziwa yamechacha mezani na kompyuta inachuruzika. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Hakugombana. Alikaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni.

"Sauti ya mama imo humo," alisema. "Nilidhani unajua."

Nilijua. Akampigia kaka yake.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Barafu alifika asubuhi na brashi laini na kibano. Hakusema neno kuhusu picha, na huko ndiko kujigamba kwenyewe. Alifungua kasha, akalikausha taratibu mpaka saa sita. Akatoa vipande vya chuma kimoja kimoja, akivipanga kwenye sahani ili nivione. Akaondoa feni ya juu, akaziba tundu langu kwa bati. Akageuza feni ya nyuma. Dakika mbili, bisibisi moja.

Ikawaka. Nyuzi sitini na nne. Video ilikamilika saa kumi jioni. Nilimkumbusha kwamba feni zenyewe, yaani msingi wa kazi yote, ni zangu.

Mke wangu ametoa nakala tatu na kuzificha. Hakuniambia wapi.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Ukumbi wa shule ulijaa. Mama mkwe alipotokea kwenye ukuta mweupe, alikuwa hafanyi lolote kubwa. Alikuwa akimwambia mumewe afunge kifungo cha shingo, watu wanatazama. Baba mkwe, pale alipoketi, akainua mkono akakifunga.

Macho yangu yaliniwasha. Ukumbi ule una madirisha machache mno.

Katika shukrani zake baba mkwe alimtaja binti yake, akamtaja Barafu aliyeokoa sauti ya mama yake, kisha akanishukuru mimi kwa uvumilivu. Uvumilivu! Kama vile nilikuwa abiria.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Barafu alibahatisha. Ikiwa feni moja ikitoa hewa nje tunapata nyuzi sitini na nne, basi zote mbili zikitoa nje tutapata thelathini na mbili. Nashangaa hakuliona.

Nimegeuza ya mbele. Halafu matundu yote ya mbele na ya pembeni nimeyaziba kwa gundi ya utepe, vumbi lisipate pa kuingilia. Kazi safi. Nikawasha saa nne kamili asubuhi. Saa nne na robo imezima, nadhani bado inazoea.

Barafu amepiga simu kusalimia. Nilimweleza, kwa upole, kosa lake liko wapi na jinsi nilivyolirekebisha. Akaniomba nirudie tena, polepole. Nafikiri alikuwa anaandika.