Njia ya Mtoni na Posa ya Aroni Awamu

Taarifa ya habari ilimkuta Aroni kikombe kiko mdomoni, na nusura kimponyoke. "Njia ya waenda kwa miguu kando ya Mto Ruaha Mdogo, hapa Ipogolo, itafunguliwa rasmi Jumamosi hii," redio ilisema.

Kijiwe cha kahawa cha Yusta kikalipuka.

"Jumamosi ya mwaka gani?" Saulo aliuliza. Wanamwita Maktaba, kwa sababu kila ahadi iliyowahi kutolewa Ipogolo kaihifadhi kichwani, na kila moja inamuuma kama jino bovu. "Walisema Krismasi, Krismasi ikapita. Wakasema mvua. Mvua ikakatika, wakasema mashine ya zege imepelekwa Uyole kutengenezwa. Uyole! Imepita Mafinga, imepita Makambako, kote huko hakuna fundi? Mashine ilikwenda matembezi ile!"

"Si njia ya matembezi?" akadakia Girish, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mlandege, ambaye hapo kijiweni ni Bwana Nati. "Ilitangulia kufanya majaribio."

Watu wakacheka. Aroni hakucheka. Yeye ni fundi pikipiki, na jina la Awamu kalipata kwa sababu mambo yake yote huenda kwa awamu. Posa kwa kina Evarista alipeleka vizuri, mambo yakaishia hapo. Wajomba wa binti walipombana aseme harusi lini, akakodoa macho dirishani, akaliona bango la mradi, akawajibu: "Siku njia ya mtoni itakapofunguliwa. Picha tutapigia pale." Wajomba wakapiga makofi. Huu ni mwaka wa nne. Si kwamba hakumtaka Evarista. Alimtaka sana, ila alimtaka kesho.

Ndiyo maana kijiwe kizima kilimtukana mkandarasi, yeye peke yake akawa wakili wake.

"Jamani, zege lazima likomae," alisema.

"Miaka yote hii, Awamu? Hilo linakomaa au linazeeka?"

"Ni kazi ya kitaalamu hiyo, Maktaba!"

"Utaalamu gani?" Maktaba alisimama. "Bango lao umeliona? Wamechora minazi! Wamechora watu wana kaptula! Mwezi wa saba, asubuhi, Iringa hii, nani anavaa kaptula kama siyo kaachwa na akili? Wamenakili njia ya watu wa pwani, hata bahari hawakuifuta. Hapa hapa tulipokaa, kwenye mchoro panauzwa pweza!"

"Bahari italetwa baadaye," Bwana Nati alimtuliza. "Bado inatafutiwa mzabuni."

Aroni akamshika mkono. "Bwana Nati, wewe ndiye muuza saruji. Niambie ukweli. Njia imeisha?"

"Imeisha, ndugu yangu. Jana wamepaka mawe chokaa. Ukiona mawe yanapakwa chokaa nchi hii, mgeni rasmi yuko njiani."

Jasho lilimtoka Aroni, na baridi ile. Aliiona suti. Aliwaona wajomba wamejipanga mstari. Aliona kabati la nguo, kubwa, la milango mitatu, linaingizwa chumbani kwake na halitoki tena.

"Pole, bwana harusi," Maktaba alisema. "Kumbe mimi nalala namwombea mkandarasi afungwe, wewe unamwombea maisha marefu."

Simu ya Bwana Nati ikalia. Akaisoma, akaisoma tena, akasafisha koo. "Ujumbe wa kundi letu la wafanyabiashara. Ufunguzi umeahirishwa mpaka utakapotangazwa tena. Jiwe la ufunguzi limechongwa jina la mkubwa ambaye juzi kahamishwa. Inabidi lichongwe jingine."

"Jina!" Maktaba aliunguruma. "Tumeruka madimbwi mpaka magoti yamechoka, leo njia iko pale, imeisha, tunafungiwa kwa sababu ya jina la mtu aliyehama! Wameweka kamba, na kamba wameiwekea mlinzi!"

"Da Yusta, wape wote kahawa na kashata!" Aroni alipaza sauti, karibu acheze. "Na hilo jiwe wasilikimbize. Wachonge taratibu, kwa mkono."

Yusta akainamia jiko lake.

Hapo Evarista akatokea, akitoka mgahawani kwake kule karibu na mto, ameshika bahasha za kadi.

"Kamwene," aliwasalimu Kihehe.

Wakaitikia. Aroni akavaa haraka uso wa msiba. "Eva wangu, umesikia? Wameahirisha tena. Watu hawa hawana huruma na ndoa yetu."

"Nimesikia. Clement kaniambia."

"Clement gani?"

"Msimamizi wa ujenzi. Mara anasubiri saruji, mara anasubiri mashine, mara anasubiri kibali. Kote huko alikuwa anasubiria mgahawani kwangu. Mtu akikaa mezani kwako muda wote huo, Aroni, mtazungumza tu." Akamwekea kadi mkononi. "Tunafunga ndoa Jumamosi."

Aroni aliyasoma majina mawili yaliyoandikwa kwa dhahabu. Lake halikuwemo. "Na mimi?"

"Wajomba walikuita kikao mwezi wa pili, useme neno la mwisho. Ukatuma salamu kwamba una pikipiki ya watu."

"Lakini hakuna aliyeniambia!"

"Matangazo yamesomwa kanisani Jumapili tatu. Padri kauliza mara zote kama yupo mwenye pingamizi. Ungekuwa unasali, ungepinga."

Aroni akamgeukia Yusta, ambaye alikuwa anapuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu. "Mimi niko kwaya, kaka'ngu," Yusta alisema bila kuinua uso. "Nyimbo za harusi tunazifanyia mazoezi tangu mwezi jana."

Kashata aliyoagiza Aroni ikafika. Akaishika, asijue aiweke wapi. Angesema nini? Kwamba alikuwa tayari? Kijiwe kizima kilimtazama, na kwa mara ya kwanza alitamani siku iwe leo.

Maktaba alikuna kidevu. "Mwanangu Evarista, nikuulize kama mzazi. Clement tunamjua hapa. Hiyo Jumamosi haitasogezwa?"

Evarista alikwishageuka kuondoka. "Haisogei, baba," alisema. "Kanisa hakujenga yeye."