Sababu za Wagonjwa wa Osukuru Kutonoleka

Mgeni rasmi uliyetuma udhuru, waheshimiwa madiwani wa Tororo, ndugu zetu mliotoka Busia zote mbili, ya huku Uganda na ya ng'ambo ya mpaka, Kenya, wachungaji, wauguzi, wadau wa maendeleo, na nyinyi wagonjwa wa skizofrenia ambao bila nyinyi mimi, Clifford Ochwo, nisingekuwa Mratibu Mkuu wa Mradi wa Kunoa Akili, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya viti vya mbele.)

Kama mnavyofahamu, dawa hutuliza sauti za kichwani, lakini kumbukumbu na umakini huweza kubaki vimelegea, ndiyo maana tukabuni, kwa fremuweki shirikishi ya kisasa, mazoezi ya akili kwa kompyuta, kila Jumatatu kwa miezi sita, pale Osukuru kwenye kontena la bluu. Tumefanya semina kumi na moja, nane kati ya hizo hotelini, kuchambua kwa nini mgonjwa mmoja huitikia mafunzo na mwingine haitikii: umri, elimu, usingizi, dawa, hamu yake mwenyewe. (Diwani anapiga miayo.) Data zinapendeza. Walioonyesha mabadiliko ni asilimia sifuri kamili, bila desimali.

(Mama mmoja anasimama.) Naam, Mama Alungat, kwa kifupi.

("Mzee, huyu Emong mtoto yangu alikuwa fundi ya nguo. Sasa yeye napima mtu kiuno, nafika kwa meza, namba imepotea. Dawa nakunywa. Usingizi nalala. Kila Jumatatu sisi nakuja, nakuta kontena imefungwa." Minong'ono ya kumuunga mkono.)

Asante, mama. Mmeiona hamu hiyo? Tuliiandika kwenye ripoti: hamu iko juu, mahudhurio asilimia mia, maendeleo hakuna, kwa hiyo kisayansi kasoro imo kwenye ubongo wenyewe. Emong na wenzake thelathini na mmoja tumewaorodhesha kuwa hawafundishiki, na awamu ya pili itapelekwa kwingine. (Emong anamuuliza mama yake neno hilo maana yake nini. Mama anakaa.)

Sasa nikisema Ubongo, mseme Unanoleka. Ubongo! (Kimya.) Vizuri sana.

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wagonjwa kwa kufika kila wiki bila kukosa, jambo ambalo kompyuta hazikuweza, kwani zingali kwenye barua ya maombi. Namshukuru pia mkufunzi kwa kazi atakayoifanya siku nafasi yake itakapotangazwa. Na wewe, Mama Alungat, hilo la mlango kufungwa ni hoja nzito, ningeliingiza, lakini ripoti imeshapigwa mhuri. Asanteni.