Jehanamu Haimo Kwenye Mkataba Wangu

Ndugu Mhariri wa gazeti la picha,

Natumaini u mzima, hata baada ya uliyonitendea.

Mimi ndiye yule mzee wa ukurasa wa kati. Pale ardhi inapofuka mvuke, tope jekundu linatokota, nyuma nyasi zinawaka, na mimi nimesimama, kofia kichwani, na uma wa chuma mrefu kunishinda. Chini mmeandika: "Mlinzi wa Jehanamu." Mlinzi ni kweli. Chemchemi zile za maji moto nazilinda tangu zingali vuguvugu, na mvuke wenyewe ukiniona husimama wima. Ila Jehanamu haimo kwenye mkataba wangu. Nalalamika hivi:

1. Ule uma ni wa viazi. Kila mchana nafukia viazi vitamu kwenye shimo la mvuke, kisha navitoa kwa uma ili nisiive pamoja navyo. Mpigapicha wako alikula vitatu, akajilamba vidole, halafu akanipiga picha kana kwamba nageuza wenye dhambi. Jamani, mwenye dhambi gani ana ganda tamu vile?

2. Moto wa nyuma nimeuwasha mimi, nachoma nyasi nyoka wasijifiche njiani. Shetani gani anajali usalama wa wageni?

3. Ile sura si ya hasira, moshi uliniingia machoni. Nikitulia mimi ni mzuri. Muulize mke wangu, ila muulize asubuhi kabla hajachoka. Siku hizi ananiambia lisemwalo lipo, kisha ananisogezea sufuria nimchemshie maji kwa mikono mitupu.

4. Kinyozi ameibandika picha ukutani. Nikipita, vijana wananiuliza, "Babu, huko kwenu bado kuna nafasi?" Nawajibu baba zao wameshawashikia viti vya mbele.

5. Hili ndilo linaloniunguza. Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi, na wa kumkabidhi ni mimi, maana baba yake hatunaye. Bibi wa bwana harusi alimsindikiza kijana kunyolewa, akanikuta ukutani nimekodoa macho. Tangu hapo kimya, hata simu hawapokei. Mjukuu wangu ananiambia, "Babu, usijali," huku anakunja gauni alirudishe sandukuni. Maishani nimecheka na kila kitu, Mhariri. Hilo limenishinda.

Kwa hiyo naomba toleo lijalo mnitoe nikiwa Peponi. Kazi ni ndogo: mvuke ni uleule, nitavaa shati jeupe, uma nitauacha nyumbani. Chini muandike "Malaika aliye kazini." Mkikataa, naizima ardhi yote ile. Nina ndoo.

Nisalimie wachapaji, mfagizi wa ofisi, na mpigapicha pia. Mwambie kiazi cha nne kinamsubiri, na safari hii hakijapozwa.

Ndimi niliyefukizwa bila kosa,
Mzee Mvuke

Tanbihi: Bahasha nimeshailamba, nimelazimika kuifungua. Wakwe wametokea sasa hivi. Kumbe simu hawapokei kwa sababu wanazunguka kwa ndugu zao wote na gazeti lako, wanatamba kwamba wanaoa kwa mzee huyu. Bibi yule anasema mtu aliyesimama Jehanamu akatoka na kofia yake kichwani, mjukuu wake ndoa haiwezi kumtisha. Wanataka picha za harusi zipigwe palepale shimoni, na mimi nije na uma. Gauni limetoka sandukuni, linapigwa pasi. Sasa Mhariri, thubutu kunipeleka Peponi kabla ya Jumamosi, uone tutakavyofikishana mbali.