Nyuma ya Karatasi ya Mtaalamu

Kitendawili! Ni chako, unatembea nacho kila siku, jirani anakiona, wewe hukioni mpaka unazikwa. Umeshindwa? Nipe mji. Huna mji wa kunipa? Basi kaa, jibu utalikuta mbele limekusubiri.

Ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilimwagika Kyela kama mvua ya Machi, na kila mwenye mdomo akawa mfanyabiashara. Haruni alikuwa na mdomo. Aliwahi kuuza saa za mkononi zilizotembea vizuri kutoka Kyela hadi Ipinda, zikifika Ipinda zinachoka. Aliwahi kuuza dawa ya kunenepesha kuku, na kuku wenyewe wakaikimbia. Asubuhi moja alikuwa mgahawani kwa Salma, pale stendi, akinywa chai na kutafuta riziki kwa masikio.

Riziki ikaingia imevaa tai. Ilikuwa Mwalimu Hezroni, mkuu wa shule moja ya msingi upande wa Bujonde.

"Salma, nimeletewa balaa," alisema, akavuta kiti. "Waraka umekuja. Kila shule ijikague yenyewe! Tuandike tulipofanya vizuri, tulipoanguka, halafu tupange tutakavyojirekebisha. Wametupa wiki mbili."

"Balaa liko wapi hapo?" Salma akamwekea andazi. "Mimi najikagua kila siku. Maandazi yakibaki, kesho napunguza unga."

"Wewe maandazi hayakupandishi cheo."

Ndipo palipouma. Hezroni alikuwa anautaka uratibu wa elimu wa kata. Suti ya kuapishwa alikwishainunua, ingawa mratibu haapishwi. Sasa mtu aliyenunua suti ataandikaje makosa yake kwa mkono wake?

Haruni alisogeza kikombe chake taratibu, kama paka asogeleaye dagaa usipa walioanikwa.

"Mugonile, tata," akamwamkia kwa lugha ya huko, akimwita baba. "Samahani kukuingilia. Mimi ni Mtaalamu Haruni, natoka Ofisi ya Tathmini ya Kanda. Kazi yangu ndiyo hiyo unayoililia."

"Ipo ofisi kama hiyo?"

"Ni mpya. Siku hizi kila kitu ni kipya, mwalimu, isipokuwa nguo."

Wakaelewana kabla andazi halijaisha. Haruni angeleta fomu, angeijaza "bora sana" kutoka juu hadi chini, angegonga muhuri. Malipo? Hezroni akasema bila kufikiri kwamba shule ina magunia nane ya mpunga, mavuno ya shamba la shule, lakini hayo ni ya kununulia mabati, maana darasa la nne halina paa tangu upepo ulipolichukua, na watoto mvua ikija wanarudi nyumbani.

"Mabati!" Haruni akacheka kwa huruma. "Ukishakuwa mratibu utaezeka kata nzima, wewe unafikiria darasa moja?"

Na Hezroni, Mungu amsamehe, akakubali.

Siku hiyo Haruni alishinda chumbani gesti, akakata kisigino cha ndala yake ya kushoto, akakichonga herufi kinyumenyume mpaka jasho likamtoka. Ukaja muhuri mzuri kuliko wa serikali. Maswali ya fomu hakujua ayatoe wapi, akayanakili kutoka kwenye waraka wenyewe aliouazima kwa Hezroni, yote, ili yafanane na ukweli. Kumbuka hilo. Mwongo akiazima ukweli, ukweli huja na miguu yake.

Halafu akaenda kwa Bwana Said, mwenye mashine ya kukoboa na duka la vifaa vya ujenzi, akaomba gari dogo la mizigo. "Nina magunia nane Bujonde. Nitakuuzia wewe, nauli ukate humo humo." Said akakubali. Biashara ni biashara.

Jumatatu wakakutana shuleni, gari la Said likisubiri nje. Ufunguo wa stoo ya mpunga ulikuwa shingoni mwa Bibi Anyisile, mtunza mali wa kamati ya shule, mama aliyesoma hadi darasa la nne la zamani, ambaye hajawahi kupewa karatasi akairudisha bila kuisoma.

"Hapa pameandikwa wazazi washirikishwe," alisema, kidole juu ya fomu. "Wako wapi?"

"Hayo ni maandishi tu, bibi."

"Wewe ndiye umeyaandika, tata."

Mtaalamu hawezi kuikana fomu yake. Kengele ikagongwa, wazazi wakatoka mashambani na matope miguuni, wakakaa ndani ya darasa la nne, mbingu juu yao.

"Swali la kwanza," Haruni akakohoa kitaalamu. "Mwanafunzi wa darasa la nne husoma siku ngapi kwa wiki?"

"Wiki ya mvua au ya jua?" akauliza Ambilikile, mzee mwenye watoto watatu pale.

"Ya jua."

"Jumatatu na Jumanne anasoma. Jumatano anajifunza kakao."

"Kakao ipo kwenye ratiba?"

"Ipo kwenye shamba la mwalimu mkuu."

Watu wakacheka mpaka kuta zikaitikia. Hezroni akaishika tai yake kama kamba ya ng'ombe mkorofi. Lakini maswali yalikuwa kumi na mawili, na yalikuwa maswali ya kweli, basi majibu nayo yakaja ya kweli. Nani hajui kusoma na kwa nini. Nani anakuja na njaa. Mwalimu gani anapendwa. Mama mmoja akasema mtoto wake ameuliza kama darasa la tano nalo halina paa, ili aamue mapema kuacha. Hapo hakucheka mtu. Hezroni aliangalia juu, mahali paa lilipokuwa, akakaa akiangalia muda mrefu.

Haruni alipomaliza, alikuwa ameandika "bora sana" mara kumi na mbili.

"Tata," akasema Anyisile, "sisi tumesema mvua, wewe umeandika bora?"

"Ni lugha ya kitaalamu, bibi."

"Na huku nyuma, penye Mpango, mbona peupe?"

"Huko andikeni mnachotaka." Haruni alikuwa amesikia harufu ya samaki, mbasa wa kuchoma. "Nitagonga muhuri pande zote. Nimefanya kazi za karatasi miaka kumi, sijaona mkubwa anayegeuza karatasi."

Kwetu mgeni haondoki na tumbo tupu. Wakampeleka nyumba ya kwanza, wali na mbasa. Nyumba ya pili, ndizi na maziwa ya mgando. Nyumba ya tatu, wali tena, na kukataa ni tusi. Wakati yeye anapambana na sahani, Anyisile alikuwa amekaa na kalamu, anaandika polepole, herufi moja moja, kama anayepanda mpunga kwa mistari. Akamaliza, akampa Hezroni asome.

Hezroni akasoma. Akamwangalia bibi, akaangalia kuta zisizo na paa, akatia saini.

Haruni akarudi anapumua kwa shida. Akagonga muhuri mbele, akagonga nyuma, akatia saini mara mbili kwa vidole vyenye mafuta ya samaki. Hakusoma. Tumbo lilikuwa limemfunika macho.

Magunia yakapakiwa. Anyisile akampa dereva bahasha. "Eliud, mpe tajiri wako mkononi. Mzigo wa shule hausafiri bila karatasi."

"Ndaga fijo, bibi," akashukuru Haruni kutoka kiti cha mbele, na njia nzima akaimba.

Kyela, Bwana Said alifungua bahasha. Akasoma mbele, akatabasamu. Kisha akageuza. Muuza vitambaa yeyote hukagua kitenge upande wa ndani, na Said alianza maisha na vitenge.

"Mpango wa Kujirekebisha," akasoma kwa sauti. "Moja. Magunia nane yabadilishwe mabati na misumari kwa Bwana Said. Mbili. Nauli ya kwenda na kurudi ni ya Mtaalamu Haruni, kwa mapenzi yake. Tatu. Mtaalamu atasimamia kwa mikono yake mpaka bati la mwisho lipigiliwe. Nne. Jumatano wanafunzi wasome, kakao ya mwalimu mkuu ichumwe na mwalimu mkuu." Akainua macho. "Saini yako hii?"

"Inafanana."

"Na muhuri? Wa kweli, au wa kughushi?"

Pembeni, kwenye foleni ya mashine, alisimama askari mmoja na kirobota chake cha mpunga, akageuza shingo kwa adabu kabisa.

Haruni hajawahi kutamani uongo wake uwe kweli kama siku ile.

"Wa kweli," akasema.

Basi akarudi Bujonde juu ya mabati, na saa yake akamwachia Said kama nauli. Saa ilikufa kabla gari halijafika. Siku mbili alipigilia misumari, wakimlisha nyumba kwa nyumba. Siku ya pili Anyisile alimshikia ngazi, akatazama juu, akaziona nyayo za ndala zake: kulia nzima, kushoto imekatwa duara kisiginoni.

"Tata," akasema taratibu, "kumbe ofisi yako unaikanyaga."

Haruni akapiga kidole badala ya msumari.

Na ile karatasi? Ilirudi shuleni pamoja na mabati, ikapelekwa wilayani, ikasomwa mbele, bora sana, ikafungwa faili. Haruni alikuwa mkweli mara moja maishani: hakuna aliyegeuza. Hezroni akapewa uratibu, akavaa suti yake. Lakini wanasema shule yoyote aliyoingia, kabla hajasalimiwa, alichukua fomu, akaanza kusoma upande wa nyuma.

Jibu? Kisogo. Sasa nipe mji wangu.