Wasifu Rasmi wa Cilamokot, Kijiji Chenye Kitanda Kila Mlango

Kwa niaba ya Ofisi ya Kijiji cha Cilamokot, ninayo heshima kuwatangazia wageni, watalii na wawekezaji wa dunia nzima kwamba kijiji chetu sasa kipo. Zamani kilikuwepo kwa mazoea tu. Watu walizaliwa, wakalima mpunga, wakafa, lakini hakuna aliyeliweka jambo hilo kwenye maandishi. Mimi ndiye niliyeliweka. Jina langu ni Omon Sukarna, karani wa kijiji, na kama makarani wote wa huku kwetu naitwa Ulis. Mkuu wetu wa kijiji yuko jijini Bandung kwenye mafunzo ya Uongozi kwa Kuwepo, kwa hiyo mzigo wote wa maendeleo umeniangukia mimi.

Kijiji kimekaa kwenye mteremko, nyuma ya mlima ambao hutoa moshi kidogo bila kumdhuru mtu. Barabara ni ya kusisimua. Daraja ni la mianzi na humkumbusha kila anayevuka kusali. Mazao yetu ni mpunga, kabichi na ukungu. Ukungu hauhitaji mbolea wala hauozi, nami nimeuweka chini ya kichwa cha habari "Rasilimali Ambazo Hazijaguswa".

Hadi hapo kazi ilikwenda vizuri. Kisha Idara ya Uwezo wa Vijiji, iliyo chini ya Bwana Bupati, mkuu wa wilaya yetu, ikauliza: Cilamokot ina vitanda vingapi vya wageni?

Hatukuwa na hata kimoja. Mgeni wa mwisho kulala kwetu alikuwa dereva wa lori la kabichi, na alilala ndani ya lori. Lakini karani hajibu "hakuna". Karani akijibu "hakuna", kesho wakubwa watauliza na yeye yupo wa nini. Nikavaa viatu, nikaenda kufanya utafiti.

Kwetu ukipita mbele ya nyumba ya mtu unainama kidogo na kupiga hodi. Mwenye nyumba, hata kama anaumwa jino, atakujibu: "Karibu! Pita kwanza, ule kwanza!" Nawe, hata kama njaa inakukata, utasema: "Asante, nimeshiba," uende zako. Kila mtu ametimiza wajibu na wali umebaki chunguni. Anayealikwa kweli hualikwa tena na tena, halafu huvutwa mkono. Anayeingia kwa mwaliko wa kwanza ni mtu aliyekosa malezi, na mama yake atasemwa mpaka kaburini.

Basi nilipita nyumba kwa nyumba nikipiga hodi, na kila nyumba ikanikaribisha. Nyingine zilinitaka nile, nyingine zilinitaka nilale. Ma Uneh, mjane anayekaa karibu na chemchemi, alikuwa anaanika samaki wa chumvi barazani.

"Hodi, Ma!"

"Karibu, Ulis, karibu! Pita kwanza! Giza linakuja, lala hapa hapa. Nyumba hii ni yako!"

"Asante, Ma, nimeshiba."

"Haya, salamu nyumbani."

Nikaandika: nyumba ya mianzi, mandhari ya chemchemi, mwenyewe amejitolea. Jioni ile Cilamokot ilikuwa na kitanda cha mgeni kila mlango, jambo ambalo hata Bandung hawawezi kulisema.

Bwana Bupati alisoma wasifu wangu akafurahi mpaka akautungia sheria. Kanuni ya Ukarimu Unaotekelezeka inasema kwamba neno la ukaribisho, likitamkwa mbele ya shahidi, ni ahadi kamili, na aliyekaribishwa ana haki ya kukaribika. Idara ilisherehekea kwa supu ya mkia wa ng'ombe. Mimi nilipewa kalamu yenye jina la Bupati ubavuni.

Wiki iliyofuata Bupati alimleta mwekezaji. Huyu ni Pak Tirtana, yaani Bwana Tirtana, wa Jakarta, ambaye biashara yake ni kuwauzia matajiri utulivu. Alishuka garini akiongea kwa simu mbili. Tulipofika kwa Ma Uneh, Bupati alisimama kulia, mimi kushoto, Pak Tirtana akapiga hodi.

"Karibu!" akasema Ma Uneh, akiinama kwa adabu. "Karibuni sana, Bapak! Piteni kwanza, nyumba ni yenu!"

Pak Tirtana akapita.

Ma Uneh alibaki na mkono hewani. Nimeishi miaka hamsini kwenye mteremko ule na sijawahi kuona mtu akiingia hivyo, kama maji ya mfereji. Alivua viatu, akala samaki, akamaliza pilipili, akauliza godoro liko wapi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alileta mpima ardhi. Mlangoni pakapigiliwa ubao: Jumba la Utulivu la Tirtana. Kisheria hapakuwa na tatizo lolote. Mwenyewe alisema nyumba ni yenu, na mashahidi walikuwa Bupati na karani, watu wawili wasioweza kukosea kwa wakati mmoja. Ilibaki sherehe ya makabidhiano tu.

Ma Uneh, ambaye sasa alilala jikoni kando ya gunia la mihogo, alinifuata ofisini.

"Ulis, yule mtu ataondoka lini?"

"Ma, ulimkaribisha."

"Nilimkaribisha kama watu wanavyokaribisha!"

"Kanuni haina 'kama', Ma."

"Wewe nilikukaribisha mara ngapi tangu uko na kamasi puani? Uliwahi kuingia?"

"Mimi sikuwa na mtaji."

Akaegemea meza yangu. "Enok anarudi kujifungua," akasema. Enok ni binti yake, kaolewa Bandung, na kwetu mtu hujifungua mimba ya kwanza kwa mama yake. "Mwezi unaisha. Azalie wapi? Kwenye gunia la mihogo? Nenda ukamwandikie huyo Bupati wako, uandike hivi: Uneh anataka nyumba yake."

Nilimweleza kwa upole kwamba maombi ya kurudishiwa ukarimu hupitia Kamati ya Ukarimu, nayo haijaundwa kwa sababu wajumbe bado wanakaribishwa. Akaondoka bila kuaga, na Ma Uneh si mtu wa kuondoka bila kuaga.

Baada ya hapo kijiji kikanyamaza. Watu waliogopa midomo yao. Ukipita mbele ya nyumba unaona dirisha linafungwa, mtu anajifanya kuosha kuku. Jirani yangu Mang Oyib, ambaye kila asubuhi hunialika kahawa ambayo sijawahi kuinywa, alinipita kichwa chini kama tuna kesi. Katika taarifa yangu niliandika kwamba utulivu umeongezeka na kwamba Pak Tirtana ameridhika. Lakini semeni mtakavyo, iliniuma. Sikujua kumbe ile kahawa nilikuwa naitegemea.

Siku ya makabidhiano ikafika. Pakawekwa hema, viti vya plastiki na spika kubwa kuliko msikiti. Enok alikuwa amekwisha kufika, tumbo mbele, kaketi mstari wa nyuma akijipepea na nakala ya kanuni. Bupati alisoma hotuba ndefu juu ya ukarimu. Alisema mgeni njoo mwenyeji apone, bila kutaja ni ugonjwa gani. Halafu akauweka mkono kifuani na kumalizia kama wakubwa wote wanavyomalizia, kwa maneno ambayo midomo yao huyatoa yenyewe:

"Ndugu zangu wa Cilamokot! Mkifika mjini msipite kama wageni! Ile nyumba ya Bupati si yangu, ni yenu! Mlango uko wazi usiku na mchana! Njooni, mle, mlale!"

Makofi yakapigwa. Ma Uneh akasimama.

"Asante, Bapak," akasema. "Tutakuja."

Bupati akacheka. Na wasaidizi wake wakacheka, kwa kufuata vyeo.

"Ulis," Ma Uneh akanigeukia. "Umeandika alivyosema?"

Kazi yangu siku ile ilikuwa kuandika kumbukumbu za mkutano. "Nimeandika, Ma."

"Mashahidi?"

Nikatazama viti vya plastiki. "Kijiji kizima, Ma. Na spika."

Bupati hakucheka tena, lakini alikuwa na mkutano mwingine, akaondoka.

Kesho yake baada ya adhuhuri lori la kabichi liliteremka mjini likiwa na watu badala ya kabichi. Walibeba mikeka, masufuria, samaki wa chumvi na kuku wawili. Enok alikaa mbele kwa dereva. Nami nilikwenda, kwa sababu utekelezaji wa kanuni lazima usimamiwe na ofisa. Langoni mlinzi alitaka kutuzuia. Nikamsomea kifungu. Alikuwa kijana mtiifu, akakipigia saluti kifungu kile na kufungua geti.

Mke wa Bupati, ambaye wote humwita Ibu, alitoka barazani kuona kelele ni za nini. Ibu yule ni mtoto wa Kisunda, kabila letu, aliyefundwa. Alipoona kundi la watu limeinama mbele ya ngazi zake, hakuwa na la kusema isipokuwa lile moja.

"Karibuni! Piteni kwanza! Mmekula?"

"Bado, Ibu," akasema Ma Uneh, na tukapita.

Enok akalazwa chumba cha Bupati, kwa kuwa ndicho chenye kiyoyozi. Mang Oyib alitandika mkeka chini ya picha ya makabidhiano ya tuzo, akapika kahawa na kunipa kikombe. Niliinywa. Ilikuwa mbaya sana. Samaki wakaanikwa kwenye reli za baraza ya juu, na mji mzima ukajua kwamba kuna wageni.

Jua lilikuwa bado halijazama Bupati aliporudi kutoka kazini, nyuma yake waandishi wa habari waliokuwa wamenusa samaki. Alivua viatu mlangoni, akaona viatu vya watu wengine vimejaa mpaka bustanini. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mtu aliyelelewa hasukumi mlango wenye watu ndani. Bupati akasita, akakohoa, na mbele ya kamera zote akapiga hodi nyumbani kwake.

"Karibu!" Ma Uneh akajibu kutoka ndani, sauti tamu kama asali. "Pita kwanza! Ule kwanza!"

Kinywa cha Bupati kikafunguka chenyewe. "Asante," akasema, "nimeshiba." Na akapita zake.

Nilimkuta kwenye kibanda cha mlinzi, pekupeku, ameshika kichwa.

"Ulis, nimefanya nini?"

"Umeonyesha malezi, Bapak."

"Nifanyeje niingie?"

"Kwa adabu zetu, Bapak, ungoje ualikwe tena, halafu uvutwe mkono."

"Atanivuta?"

Nilitazama baraza ya juu. Ma Uneh alikuwa anamgeuza samaki upande wa pili. "Sidhani."

Tukaandika tangazo la kuifuta kanuni, pale pale, juu ya goti la mlinzi. Bupati alitaka ifutwe kwa awamu, baada ya tathmini, na kamati iundwe. Nilimpelekea Ma Uneh rasimu hiyo. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mwambie hatuna haraka," akasema, akatandika mkeka wa pili.

Rasimu iliyofuata ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Kanuni imefutwa leo. Nyumba ya Uneh ni ya Uneh. Pak Tirtana aondoke kabla ya kula. Bupati akatia saini, mhuri ukapigwa, na simu ikapigwa Cilamokot. Kwa taarifa za dereva, Pak Tirtana alipandishwa gari la nyanya akiwa bado anaongea kwa simu zote mbili.

Mikeka ikakunjwa. Samaki wakashushwa, kuku wakafungwa miguu, Enok akaamshwa taratibu. Bupati alisimama uani akitabasamu kwa ajili ya kamera, akihesabu kila kichwa kinachotoka. Ma Uneh alitoka wa mwisho. Akainama mbele ya Ibu, akasema tunaomba ruhusa ya kuondoka.

Ibu, Mungu ambariki, akamshika mkono. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, kwa maana nyumba ile haikuwa imepata watu wa kuzungumza nao siku nyingi.

"Mbona haraka, Ma?" akasema, akimvuta. "Kaeni kwanza! Laleni hapa hapa!"

Kamera zikageuka. Bupati aliniangalia mimi, mimi nikaangalia kalamu. Mkuu wa wilaya nzima, mwenye magari, mihuri na idara, alikuwa amesimama pekupeku kwenye nyasi akisubiri kuona kama mjane wa Cilamokot atakuwa na adabu ya kusema "tumeshiba" jioni ile.

Ma Uneh alikuwa anatafuta kandambili zake kati ya viatu. Wala hakuwa na haraka.