Mji Usio na Watu, kwa Mujibu wa Kamati

Kila mwanachama wa Chama cha Kuzikana cha Watanzania wa Woolwich, London, aijua Kanuni ya Saba: anayedharau kwao mwenzake ataosha vyombo vya kikao. Aliitunga Mwenyekiti wetu, Mzee Thadei, siku Mwingereza mmoja aliyekuja msibani alipomwambia kwamba ziwa la kwao Mwanza liligunduliwa na Wazungu. Mwingereza yule aliosha hadi magharibi.

Nikiwa Katibu, natangaza kwa heshima kwamba Kamati Maalumu ya Kuthibitisha Miji imekamilisha kazi yake ya kwanza. Muuguzi Restuta alikuwa amepata kazi Whitehorse, mji wa kaskazini mwa Kanada kando ya mto Yukon. Aliomba abaki mwanachama, ili siku yake ikifika arudishwe kuzikwa kwao Bukoba. Marehemu wetu wote ni yeye aliyewaosha na kuwavika. Hata hivyo, Katiba yadai mwanachama aishi mahali penye watu.

Mwenyekiti alisoma matokeo ya uchunguzi, ambao kwa kubana matumizi ulifanyika sebuleni kwake.

"Kwanza, mji huu una jina la farasi mweupe. Farasi hayupo! Yalikuwa mapovu ya maporomoko yaliyofanana na singa za farasi, na maporomoko yenyewe yamezamishwa na bwawa la umeme. Tunaombwa tumkabidhi ndugu yetu kwa mapovu."

"Mzee, shikamoo nimeshakupa, sasa niache niseme," akajibu Restuta. "Wewe unakaa mtaa wa Elephant and Castle, yaani Tembo na Ngome. Tembo umemfunga wapi?"

Makofi yalipigwa. Sikuyaingiza katika kumbukumbu.

"Pili, historia," akaendelea Mwenyekiti. " Kabla ya wachimba dhahabu na reli yao, pale palikuwa na mto tu. Hapakuwa na mtu. Akifa huko, nani atamfumba macho?"

Mlangoni aliketi mgeni wa Restuta, muuguzi mwenzake, na sahani ya makande mapajani. Restuta alikuwa akimtafsiria sikioni. Mgeni akaweka kijiko chini, akasema kwa Kiingereza polepole, naye Restuta akatufasiria:

"Mimi nimezaliwa pale. Bibi yangu alikausha samaki kwenye ukingo ule, na bibi yake vilevile, kabla dhahabu haijamtia mtu wazimu. Huyu akifa kwetu, nitamfumba macho mimi."

Mwenyekiti alinitazama kana kwamba kanuni zina mlango wa nyuma.

Bi Ummukulthum, mweka hazina, akachungulia kutoka jikoni. "Haya, baba, Kanuni ya Saba hiyo. Sifongo iko hapa kwenye bomba."

"Nilikuwa nasoma ripoti tu!"

"Na yule Mwingereza alikuwa akizungumza tu."

Uanachama wa Restuta ulithibitishwa bila kupingwa, pamoja na mji wake. Kikao kiliahirishwa ili Mwenyekiti afike kwenye sinki. Makande yalikuwa yameungua chini. Kwa kuzingatia cheo chake tulimpa sufuria kubwa kuliko zote, naye akaisugua hadi magharibi.